Pleibuku ya Patriots mikononi mwa wanafunzi: kisa cha Notre Dame 2007

Vuli ya 2007 kulikuwa na timu mbili za futiboli ya Kimarekani zinacheza ofensi, yaani mfumo wa kushambulia, ya ukoo mmoja. Ya kwanza ni New England Patriots kwenye ligi ya kulipwa, NFL, hao walimaliza msimu wa kawaida 16-0, yaani walishinda 16 bila kupoteza, kwotabeki wao Tom Brady, yule mrushaji anayeongoza ofensi, akarusha tachidauni 50 (pasi zinazofika mwisho wa uwanja na kuleta pointi) na timu ikafunga pointi 589, rekodi ya ligi kwa wakati ule. Ya pili ni Notre Dame, chuo cha Wakatoliki pale South Bend, Indiana, jina kubwa mno kwenye futiboli ya vyuo, hao walimaliza 3-9, ofensi yao ikashika mkia nchi nzima kwa yadi kwenye daraja la juu, na makwotabeki wao wakaangushwa chini na mpira mkononi mara 58. Gemu zilikuwa 12, piga hesabu mwenyewe, inakuja karibu mara tano kila Jumamosi.

Na aliyeileta ile ofensi South Bend hakuwa mtu aliyeisomea kwa mbali akaikosea. Charlie Weis ndo alikuwa mratibu wa ofensi wa Patriots wakati wanabeba Super Bowl tatu, ile fainali ya NFL, misimu ya 2001, 2003 na 2004, yeye ndo alikuwa anamchagulia Brady plei, yaani shambulizi gani lililopangwa lichezwe. Kasoma Notre Dame hapohapo, kamaliza 1978, ila futiboli ya chuo hajacheza. Alipochukua timu mwisho wa 2004 aliwaambia vijana kwamba kila Jumamosi watakuwa na faida ya wazi upande wa mifumo, yaani kwenye karatasi na kwenye akili watakuwa wamemzidi kocha wa upande wa pili. Ile kauli ilikuja kumtesa miaka na miaka, kila akifungwa watu wanamrudishia.

Sasa watu wengi wakisimulia kisa hiki wanakimalizia kwa kusema jamaa alikuwa na majivuno, basi. Majivuno alikuwa nayo, sikatai, lakini majivuno hayamfanyi kwotabeki aangushwe mara tisa kwenye gemu moja. Mi naona tatizo lilikuwa la kawaida zaidi na ndo maana linarudi kila mwaka kwenye vyuo vingine: pleibuku ngumu, yaani daftari la plei zote za timu, inataka masaa na inataka watu walewale wakae pamoja muda mrefu, na chuo kwa sheria na kwa maumbile yake hakina masaa na watu wake wanaondoka. Weis alikuta watu ambao masaa walishayalipa kabla hajafika, akavuna miaka miwili, alafu wakaondoka na masaa yao.

Tuanze na hiyo miaka miwili manake bila hiyo kisa hakieleweki. 2005 timu ilienda 9-3, ikapoteza na USC 34-31 kwenye sekunde za mwisho, gemu ambayo watu wanaibishania mpaka leo, ikamalizia Fiesta Bowl, moja ya gemu kubwa za kufunga msimu wa vyuo, ikafungwa na Ohio State 34-20. Kwotabeki Brady Quinn alirusha yadi 3,919 na tachidauni 32. 2006 wakaenda 10-3, wakafungwa vibaya na LSU kwenye Sugar Bowl, 41-14, lakini 10 ni 10. Chuo kilifurahi kiasi kwamba katikati ya msimu wa kwanza, Oktoba 2005, timu ikiwa imecheza gemu saba tu, wakampa Weis mkataba mpya wa miaka 10. (Mpaka walipomaliza kumlipa fidia yake 2015 ilikuwa imefika karibu dola milioni 19. Huyo ni mtu uliyemfukuza 2009. Haya.)

Lakini angalia Quinn alikuwa nani 2005. Alianza kucheza tangu mwaka wake wa kwanza, 2003, chini ya kocha aliyetangulia, Tyrone Willingham, akala kipigo cha kutosha miaka miwili, kwa hiyo Weis alipofika na lile daftari lake alikuta kijana aliyeshaona kila aina ya difensi, yaani kila namna mpinzani anavyozuia. Mbele yake laini, wale watano wanaomlinda, ilikuwa ya watu wazima, wengi wao wa mwaka wa nne na wa tano, wanajuana hata kwa kukohoa. Marisiva, yaani wapokeaji wa pasi, Jeff Samardzija na Maurice Stovall, taiti endi (mpokeaji anayesaidia pia kuzuia) Anthony Fasano, wote wamekaa pale miaka. Weis aliwaongezea lugha mpya juu ya mchezo ambao tayari walikuwa wanaujua. Hiyo ni kazi ndogo sana kuliko kumfundisha mtu mchezo na lugha kwa pamoja.

Sasa pleibuku yenyewe ina nini mpaka iwe ngumu hivyo. Watu wanadhani ugumu ni idadi ya plei, kwamba daftari ni nene, kijana anashindwa kukariri. Kukariri sio shida, hawa ni wanafunzi, na Notre Dame haichukui vilaza. Kwanza ule mfumo wa Patriots, unaotokana na makocha Ron Erhardt na Ray Perkins wa miaka ya 70, kwa majina ni mwepisi kuliko ndugu zake. Mifumo mingine inamtajia kila risiva njia yake mpaka jina la plei linakuwa refu kama ukoo wa mtu, huu unatumia neno moja kutaja wazo zima, alafu unaweza kulichezesha wazo hilohilo kwa mipangilio kumi tofauti. Ukisikia hivyo unasema ah, rahisi. Ugumu umehamia sehemu nyingine. Umehamia kwenye macho.

Manake njia nyingi mle ndani ni za kuchagua. Risiva anaondoka, anamsoma mlinzi, akiona mlinzi kakaa ndani anakata nje, akiona yuko nje anakata ndani, akiona hakuna mtu juu anaendelea mbele. Na kwotabeki huko nyuma anatakiwa amsome mlinzi yuleyule, wakati uleule, afikie jibu lilelile, kwa sababu mpira unaondoka mkononi kabla risiva hajageuka. Wakiona tofauti, mpira unakwenda mahali hapana mtu, au pana mtu wa jezi nyingine. Brady na marisiva wake walikuwa wanafanya hiyo kitu asubuhi mpaka jioni kama ajira, manake ni ajira.

Alafu kuna ulinzi wa kwotabeki, na hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndo Notre Dame ilifia.

Chukua jaribio la tatu kati ya manne ya kupata yadi kumi, zimebaki yadi nane, kila mtu uwanjani anajua ni pasi. Una watu watano wa laini, na ranibeki mmoja, mkimbiaji wa mpira, pembeni ya kwotabeki. Sita. Difensi inasogeza watu saba karibu na mstari, wote wanachezacheza miguu kama wanakuja. Senta, yule wa katikati ya laini anayeanzisha mpira, anatazama, ananyoosha kidole kwa lainbeka mmoja, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa difensi, anatangaza: huyu ndo wa katikati. Kuanzia hapo kila mtu anahesabu mtu wake kutokea kwa huyo aliyetajwa, wa kulia anajua wake, wa kushoto anajua wake, ranibeki anajua kwamba wakija wawili yeye anachukua wa ndani kwanza, na kwotabeki anajua kwamba kuna mmoja amebaki bila mtu na huyo akija lazima mpira uondoke haraka kwa risiva aliyeko upande ule, na yule risiva naye anatakiwa ajue kwamba mtu huyo akija yeye afupishe njia ageuke mapema. Sasa kabla tu mpira haujatoka difensi inajipanga upya. Wawili waliokuwa wanatisha wanarudi nyuma, na mlinzi wa pembeni ambaye hakuna aliyemhesabu anatoka mbio. Senta anatakiwa abadilishe hesabu kwa sauti katikati ya kelele za watu elfu themanini. Wanne wamesikia, mmoja hakusikia. Ni kama kupitisha kitanda mlangoni, mmoja akigeuza upande wake wengine hawajageuza, kitanda kinamwangukia mtu mguuni, na hapa mguu ni wa kwotabeki.

Ukiangalia marudio unaona mambo ya ajabu, watu wawili wa laini wamemzuia mtu mmoja kwa bidii zote na hatua mbili pembeni jamaa anapita hajaguswa hata nguo. Mtazamaji nyumbani anasema laini ni legelege. Wakati mwingine laini ni legelege kweli. Lakini mtu anayepita bila kuguswa sio suala la nguvu, hapo watu walikuwa na hesabu tofauti.

Haya, hesabu hiyo unaifundisha lini? Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, sheria iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 90, inasema mwanafunzi mchezaji ana masaa 20 kwa wiki msimu ukiwa unaendelea, yasizidi manne kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Kila kitu mle ndani: mazoezi ya uwanjani, kuinua vyuma, vikao, kutazama video na kocha. Siku ya gemu yenyewe inahesabiwa masaa matatu. Majira ya kuchipua unapata mazoezi 15 basi. Ukitoa gemu, ukatoa vyuma, ukatoa vikosi maalum vya mipira ya mateke, ile sehemu ya wiki ambayo watu 11 wa ofensi wanasimama pamoja wakifanyia kazi ulinzi dhidi ya blitsi, yaani walinzi wa ziada wanaotumwa mbio kumwangusha kwotabeki, ni kidogo mno, na kesho yake kijana ana mtihani wa kemia. Najua watu wanasema masaa 20 ni ya kwenye makaratasi, kwamba vijana wanatazama video wenyewe usiku. Sawa. Lakini huko usiku kwotabeki anatazama peke yake chumbani, na hesabu ya ulinzi inajifunzwa na watu sita wakiwa wamesimama pamoja.

Na NFL kulikuwa na msaada mwingine ambao watu wanausahau. Tangu 1994 kwotabeki wa NFL ana spika ndani ya helmeti, kocha anaongea naye moja kwa moja mpaka saa ya kuanzisha plei ibakize sekunde 15. Weis alimlea Brady na hicho kifaa, anaweza kumwambia plei na juu yake akamkumbusha, mwangalie yule wa kushoto, kama akishuka tupa haraka. Vyuoni mwaka 2007 hamna kitu kama hicho, ni ishara za mikono kutoka pembeni au plei inabebwa na mchezaji anayeingia. Spika za helmeti daraja la juu la vyuo ziliruhusiwa 2024. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 alipewa daftari la Brady bila ile sauti iliyokuwa inamsaidia Brady alipokuwa bado mbichi.

Wakenya watamkumbuka Daniel Adongo, yule mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts 2013, jimbo hilohilo la Indiana, bila kuwahi kucheza huu mchezo. Mwili anao, mbio anazo. Nafasi aliyoipata uwanjani ilikuwa zaidi kwenye vikosi maalum, vile vya mipira ya mateke, ambako kazi yako inaelezeka kwa sentensi moja na unaifanya kwa nguvu zako zote. Na huyo alikuwa analipwa kukaa pale siku nzima kujifunza.

Turudi 2007. Quinn kaondoka, kachukuliwa na Cleveland Browns akiwa wa 22 kwenye drafti, ule mgao wa NFL wa kuchagua wachezaji wapya. Samardzija kaenda kurusha besiboli Chicago Cubs. Ranibeki Darius Walker kaondoka mapema. Kwenye laini wameondoka Ryan Harris, Dan Santucci na Bob Morton kwa mpigo. Aliyebaki mwenye uzoefu wa kweli ni senta John Sullivan, na Sam Young ambaye alianza kucheza akiwa mwaka wa kwanza kwa hiyo sasa yuko wa pili. Wengine ni vijana waliokuwa wanatazama.

Nafasi ya kwotabeki wakagombania wanne majira ya kuchipua: Demetrius Jones, Evan Sharpley, Zach Frazer, na Jimmy Clausen, kijana wa California aliyekuwa anatajwa kuwa bora kuliko wote waliotoka sekondari mwaka ule, aliingia chuoni Januari tu, na Juni akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Sasa fikiria mazoezi 15 ukigawa kwa watu wanne. Kila plei inayokwenda kwa mmoja, watatu wamesimama pembeni. Frazer akaona hali akahamia Connecticut kabla msimu haujaanza.

Alafu Weis akafanya kitu ambacho mi naona ndo kiini cha kisa chote, na sijui kwa nini watu hawakizungumzii zaidi ya ile kauli yake. Akaamua gemu ya kwanza, nyumbani na Georgia Tech, amchezeshe Jones, kijana wa kukimbia, na akamtengenezea ofensi ya kumtawanya mpinzani yenye kwotabeki kukimbia, kitu tofauti kabisa na kile timu inachokifahamu, akakificha mpaka siku ya gemu ili awashtue. Kwa fikra za kocha wa NFL hiyo ni akili, unamnyima mpinzani video. Lakini maana yake ni kwamba laini ileile changa, yenye masaa yaleyale, imetumia Agosti nzima kujifunza lugha mbili. Kumzuilia kwotabeki anayekimbia na kumlinda kwotabeki anayesimama kurusha ni kazi mbili tofauti, miguu inakwenda tofauti, pembe tofauti, hata namna ya kuanza.

Na mpinzani sasa. Mratibu wa difensi wa Georgia Tech alikuwa Jon Tenuta, mtu ambaye kila aliyefuatilia vyuo miaka ile anajua kazi yake ni moja, kutuma watu. Jaribio la kwanza anatuma, la tatu anatuma, anatuma kutoka pembe usizozitegemea. Ukitaka kumpima mtu kama hesabu zake za ulinzi zimekaa sawa, huwezi kupata mtihani mkali kuliko Tenuta.

Matokeo 33-3. Jones alidondosha mpira, akatolewa kabla ya mapumziko, akaingia Sharpley, mwishoni akaingia Clausen. Makwotabeki wameangushwa mara tisa. Yadi za kukimbia kwa gemu nzima: hasi nane. Hapa niweke tu sawa kwa asiyejua, kwenye vyuo yadi zinazopotea kwotabeki akiangushwa zinakatwa kwenye hesabu ya kukimbia, NFL wanazikata kwenye pasi, kwa hiyo hasi nane haina maana kwamba kila ranibeki alikuwa anarudi nyuma. Ni kwamba yale maanguko tisa yalikula kila kitu walichokipata wengine.

Wiki iliyofuata ofensi ya Jones ikatupwa. Yote. Ile kazi ya Agosti, kwaheri, Clausen akapewa timu na wakarudi kwenye mfumo wa Patriots, ugenini kwa Penn State. Wakafungwa 31-10, yadi za kukimbia sifuri kamili, na tachidauni yao pekee ililetwa na difensi, Darrin Walls aliiba pasi akakimbia nayo mpaka mwisho. Wiki ya tatu Michigan, ambao nao walikuwa kwenye aibu, wametoka kufungwa na Appalachian State na wakachakazwa na Oregon, timu mbili zilizoumia zinakutana: 38-0 kwa Michigan, yadi za kukimbia hasi sita. Kwa hiyo gemu tatu, jumla hasi 14, na ofensi haijafunga tachidauni hata moja. Jones hata kwenye basi la kwenda Michigan hakupanda, akahama chuo. Yaani mtu uliyemjengea ofensi nzima Agosti hayupo tena, na watu waliopoteza Agosti yao kujifunza kumzuilia bado wapo.

Baada ya Michigan, Weis akatangaza kwamba wanaanza upya kama kambi ya mwanzo wa msimu. Septemba hiyo, katikati ya ratiba! Watu walicheka lakini mi naona ndo uamuzi wa kwanza wa akili aliofanya mwaka ule, ila umekuja na masaa 20 kwa wiki na kila Jumamosi kuna mtu anakusubiri. Unarudi msingi saa ngapi? Jumanne unafundisha kuzuia, Jumatano unatakiwa uandae mpango wa mpinzani. Wakafungwa na Michigan State, wakafungwa na Purdue, 0-5, mwanzo ambao chuo hakijawahi kuuona katika historia yake. Walishinda UCLA 20-6, na hata hiyo difensi ndo ilishinda, wenyeji walimpoteza kwotabeki wao kwa majeraha na aliyeingia akawa anagawa mipira. Alafu USC wakaja kuwafunga 38-0 nyumbani.

Gemu inayonivutia kuliko zote ni Navy, tarehe 3 Novemba. Navy ni chuo cha maofisa wa jeshi la majini, hawapati vijana wakubwa wakubwa, na walikuwa wamefungwa na Notre Dame mara 43 mfululizo, mara ya mwisho kushinda ilikuwa 1963 wakati kwotabeki wao akiwa Roger Staubach. Kocha wao Paul Johnson alikuwa anacheza ile ofensi ya chaguo tatu: kwotabeki anampa mpira mtu wa katikati, au anabaki nao akimbie, au anautupa pembeni kwa wa tatu, kutegemea mlinzi mmoja amefanya nini, alafu mlinzi wa pili. Kwa idadi, plei za msingi ni chache. Wanazirudia kila siku, mwaka mzima, miaka minne. Difensi inajua kinachokuja na bado haikizuii, kwa sababu kila mtu wa Navy ameshaona kila jibu ambalo difensi inaweza kutoa.

Na hiyo nayo ni ngumu, tusidanganyane, kwotabeki wa chaguo tatu anasoma watu wawili kwa nusu sekunde. Tofauti ni ugumu umewekwa wapi. Johnson kauweka kwa mtu mmoja, kwenye kitu kimoja, kinachorudiwa mara elfu. Weis kautawanya kwa watu 11 kwenye vitu vingi, kila kimoja kinarudiwa mara chache kwa wiki.

Mwisho wa muda wa kawaida wako sare 28-28, Notre Dame wana mpira kwenye jaribio la nne, zimebaki yadi nane, na teke la kama yadi 41 lingeweza kumaliza kazi. Weis akakataa teke, akaenda kwa pasi. Na kilichotokea ni kilekile cha Septemba: Ram Vela wa Navy, mlinzi mdogo wa umbo, akaja kwa blitsi, ranibeki akainama kumzuia miguuni, Vela akaruka juu yake hewani akatua kwa Sharpley. Picha maarufu sana ile. Muda wa nyongeza ukaenda mara tatu, Notre Dame wakashindwa jaribio la mwisho la kupata pointi mbili, 46-44, mkosi wa miaka 44 ukaisha. Kocha ambaye siku ya kwanza aliahidi faida ya mifumo kafungwa kwa mfumo, nyumbani kwake, na watu wenye plei chache.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Wanasema sio pleibuku, ni watu. Willingham alimwachia madarasa mawili ya mwisho ya usajili yaliyokuwa dhaifu, kwa hiyo 2007 wale ambao wangekuwa wa mwaka wa tatu na wa nne, yaani uti wa mgongo wa timu yoyote ya chuo, walikuwa wachache. Kweli kabisa. Hakuna kocha angeshinda gemu tisa na kikosi kile. Lakini hoja hii ukiitazama vizuri inanisaidia mimi. Kama unajua, na Weis alijua tangu 2005 manake orodha ya wachezaji iko mezani kwake, kwamba 2007 utacheza na watoto, basi pleibuku ya 2007 unaianza kuipunguza 2006. Unamchagua kwotabeki mapema. Unabaki na njia mbili tatu za ulinzi mpaka kijana anazifanya usingizini. Alikuwa na miaka miwili ya onyo, na badala ya kupunguza akaongeza ofensi ya pili juu ya ya kwanza.

Ushahidi mwingine ni Clausen mwenyewe. 2007 alirusha yadi 1,254, tachidauni 7. Kijana huyohuyo, kocha huyohuyo, daftari lilelile, 2009 akiwa mwaka wa tatu anarusha yadi 3,722, tachidauni 28, akiibiwa pasi nne tu, na Golden Tate anabeba tuzo ya Biletnikoff ya risiva bora nchini. Kwa hiyo pleibuku ilikuwa nzuri! Ilihitaji miaka mitatu tu kuingia. Na chuo miaka mitatu ni maisha ya mtu, manake mara Clausen alipoielewa, yeye na Tate wakaenda NFL. Na hata hiyo 2009 timu ilimaliza 6-6, difensi haikuzuia mtu, wakafungwa tena na Navy nyumbani 23-21, na tarehe 30 Novemba Weis akafukuzwa na rekodi ya 35-27. Kichekesho ni kwamba aliyekuwa anaisimamia ile difensi yenye blitsi za kila namna alikuwa Jon Tenuta. Weis alimwajiri 2008, miezi michache tu baada ya kuchapwa naye.

Kwa nini kocha mwerevu haoni hili? Nadhani ni kwa sababu kwenye kikao cha makocha kila kitu kinafanya kazi. Ukichora ubaoni X na O, zile alama za wachezaji, X haisahau, haina mtihani, haijachoka. Kocha aliyekaa NFL miaka 15 amezoea kwamba akiona udhaifu wa mpinzani Jumatatu, Jumapili anautumia, anaongeza plei mpya sita na wachezaji wanazimeza. Chuoni ukiongeza plei sita Jumanne, umeondoa marudio ya zile za zamani, hata kama hujazifuta kwenye karatasi. Hakuna anayeona zimeondoka mpaka Jumamosi senta ananyoosha kidole na watu wanne wanasikia.

Weis alirudi NFL mwaka mmoja na Kansas City Chiefs, ofensi ikaenda vizuri tu, akapita Florida kama mratibu, alafu mwisho wa 2011 akapewa chuo cha Kansas kuwa kocha mkuu. Huko nako alianza na kwotabeki aliyehama kutoka Notre Dame, Dayne Crist, na ofensi ya mtindo wa NFL kwenye ligi ambayo wenzake wengi walikuwa wanacheza ya kutawanya, haraka haraka, plei chache. Mwaka wa kwanza 1-11. Aliondolewa Septemba 2014 akiwa ameshinda gemu 6 na kupoteza 22.